Muulize Mwalimu wa Historia: mvi za babu, kodi ya merikebu na nguzo ya Vasco

Barua za mwezi huu zimenifikia kwa kila njia. Moja imeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi iliyochanwa daftari la hesabu, nyingine ni sauti ndefu ya WhatsApp ambayo nusu yake ni honi za tuktuk. Nawaomba, andikeni, masikio yangu yamechoka kuliko macho. Nimezifupisha zote na kuondoa majina. Ya kwanza mtaona wenyewe kwa nini.

"Shikamoo Bi Mwalimu. Natoka Magarini, nafanya kazi gereji hapa Malindi mjini. Babu yangu ana mvi kichwa kizima na macho yameiva kwa moshi wa jikoni. Tangu mtoto wa ami afariki kwa homa, watu kijijini wanasema babu ndiye aliyemroga. Juzi kaokota karatasi mlangoni: ahame kabla mvua hazijaanza. Mafundi wenzangu wanasema haya ni mambo ya Waafrika wasiosoma, Wazungu hawakuwa nayo. Ni kweli? Na kama walikuwa nayo, yaliishaje?" – Mjukuu, Magarini

Marahaba, mwanangu. Historia itangoja, tuanze na babu. Karatasi ile usiichane. Ipige picha, kisha uipeleke kituo cha polisi na kwa chifu, na usiondoke kituoni bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, ipo tangu 1925, nayo inasema kumshutumu mtu kuwa ni mchawi ni kosa, isipokuwa kama umepeleka shutuma hiyo kwa polisi, chifu au mkuu wa serikali. Kwa hiyo hapo mwenye kosa ni aliyeandika karatasi. Babu asilale peke yake. Na mambo yakizidi, huko Ganze kuna Kaya Godoma, ambako wazee waliotishiwa kama yeye wamekuwa wakipewa hifadhi.

Sasa hao mafundi wenzako. Wamekosea, tena kwa mbali. Ulaya iliua kati ya watu 40,000 na 60,000 kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na mauaji hayo hayakushika kasi zama za ujinga. Yalishika kasi baada ya mashine ya kuchapa kuingia na vyuo vikuu kuongezeka, kuanzia miaka ya 1560 hadi 1640 hivi. Wala hayakuwa ya vijana wenye mapanga usiku. Kulikuwa na hakimu, karani na muhuri. Kitabu cha kuwafundisha mahakimu namna ya kuwasaka wachawi kilichapwa 1486, na aliyekiandika, Heinrich Kramer, alikuwa mtawa msomi. Kanuni ya jinai ya Kaizari Charles V ya 1532 ikaweka adhabu ya moto kwa anayedhuru watu kwa uchawi. Waliosoma ndio waliotangulia mbele.

Agosti 1562 mvua ya mawe iliangukia kusini magharibi mwa Ujerumani, ikavuruga mashamba na mizabibu. Katika mji mdogo wa Wiesensteig wanawake 63 wakauawa. Miaka hiyo baridi ilizidi Ulaya, mavuno yakapungua, bei ya nafaka ikapanda, na aliyefiwa na ng'ombe akataka jina la kumlaumu. Huku kwetu mvua zikikosa, au mtoto akifa kwa homa na hakuna aliyempima damu, jina hutafutwa vivyo hivyo.

Nikueleze mtu mmoja. Johannes Junius alikuwa meya wa Bamberg. Mwaka 1628 walimkamata, wakambana vidole gumba kwa vyuma mpaka damu ikatoka kuchani. Hakukiri. Kisha mnyongaji mwenyewe, yule aliyekuwa akimtesa, akamsihi abuni kitu chochote, maana hatatoka mle akiwa hai na mateso yataendelea tu. Akabuni. Wakamtaka ataje wenzake. Alipokwama wakamkumbusha mitaa, mmoja baada ya mwingine, kwamba huku naye unamjua nani? Akataja. Haya tunayajua kwa sababu alifaulu kumwandikia barua binti yake, Veronika, kwa mikono iliyovunjwavunjwa, akamwambia: nimeingia gerezani bila hatia, nimeteswa bila hatia, nitakufa bila hatia. Barua ilipenyezwa nje kwa siri na mpaka leo imehifadhiwa mjini Bamberg. Yeye aliuawa mwezi uliofuata.

Mali za waliohukumiwa Bamberg zilitaifishwa na askofu aliyekuwa pia mtawala. Kaizari Ferdinand II alipokataza kutaifisha mali hizo, na jeshi la Sweden lilipokaribia, wachawi wa Bamberg wakaadimika ghafla. Mimi nikisikia Kilifi mzee ametuhumiwa, swali langu la kwanza ni shamba: lina hati au halina, nani alishataka kuliuza, mzee alimkatalia nani. Ulizia hayo, mwanangu, tena uliza ndani ya familia kabla ya kuuliza majirani.

Umeuliza yaliishaje. Si kwamba watu waliacha kuamini. Vijijini Ulaya waliendelea kuamini kwa karne nyingine mbili na zaidi. Yaliisha kwa sababu baadhi ya mahakimu walianza kudai ushahidi. Nimpendaye mimi ni Mhispania, Alonso de Salazar Frías. Mwaka 1610 mjini Logroño mahakama ya kanisa iliwachoma watu 6 kwa uchawi, naye alikuwa mmoja wa mahakimu watatu, mgeni kuliko wenzake, na hakuridhika. Mwaka uliofuata akapanda mlimani hadi vijiji vya Wabasque, kaskazini mwa Uhispania, akiwa na makarani, akahoji watu wapatao 1,800, wengi wao watoto. Akawauliza mmoja mmoja, mbali na wenzao: mkutano wa wachawi ulikuwa wapi? Mlifikaje? Mlikula nini? Majibu yakagongana. Wakamletea vyungu 22 vya marhamu za kichawi. Salazar hakuvivunja wala hakuvikimbia. Aliagiza vikaguliwe na vijaribiwe kwa wanyama. Hakuna hata mnyama mmoja aliyepata kichefuchefu. Baadhi ya wenyewe wakakiri kwamba walichanganya tu vitu ili waachwe kusumbuliwa. Akawaandikia wakubwa wake Madrid kwamba hakukuwa na wachawi wala waliorogwa mpaka watu walipoanza kuyasema na kuyaandika. Mwaka 1614 wakubwa wakatoa maagizo mapya, na huko Uhispania moto wa mahakama hiyo kwa wachawi ukazimika kabisa, wakati Ujerumani bado hata haijafika kwa Junius.

Kwa hiyo ukienda kwenye baraza ya wazee kumtetea babu, usibishane nao kama uchawi upo au haupo. Hapo hutatoka mpaka alfajiri. Dai alichodai Salazar. Nani alimwona babu akifanya nini, siku gani, saa ngapi, na huyo shahidi alikuwa wapi? Na mtoto alipimwa homa gani, zahanati ipi, kadi yake ya kliniki iko wapi? Uwe na karatasi na kalamu, uandike majibu mbele yao. Waongo wengi hupunguza sauti wakiona kalamu. Na mambo ya kumpaka babu rangi nywele, kama wafanyavyo wengine sasa ili kuficha mvi, mimi siyataki kuyasikia. Mvi zake ni haki yake.

"Mwalimu, mwaka 2024 tulikataa Mswada wa Fedha, wenzetu wakaumia. Wazee wanatuambia kukataa kodi ni utundu wa kizazi cha simu. Hapo zamani watu walikuwa wakilipa tu?" – Bodaboda, Ganda

Thubutu! Mfalme Charles I wa Uingereza alitawala miaka 11 bila bunge, kutoka 1629 hadi 1640, na fedha zikamwishia. Kulikuwa na desturi ya kale kwamba watu wa pwani watoe merikebu wakati wa vita. Mwaka 1634 akawatoza wa pwani fedha badala ya merikebu, na mwaka uliofuata akawatoza na wa bara, vita vyenyewe havionekani. (Kodi kuanzia pwani, hilo halinishangazi.) John Hampden, mwenye mashamba yake Buckinghamshire, akakataa kulipa shilingi 20. Si kwamba hakuwa nazo. Alitaka kujua ni nani aliyeidhinisha. Kesi ikaamuliwa 1638, majaji 7 kwa mfalme na 5 kinyume chake. Mfalme alishinda kesi, lakini nchi nzima ikawahesabu wale 5. Mwaka 1642 vita vikaanza kati yake na bunge, na tarehe 30 Januari 1649 mfalme akakatwa kichwa mbele ya kasri lake mwenyewe.

Usishangilie bado. Aprili 1653 Oliver Cromwell, shujaa wa upande wa bunge, aliingia bungeni na askari na kuwatoa wabunge nje. Waliokataa kodi ya mfalme wakajikuta wanalipa kodi kubwa zaidi kulisha jeshi. Nyinyi tarehe 25 Juni mliingia bungeni na kesho yake Rais akakataa kutia saini mswada; sawa. Lakini Hampden angeuza shamba kupata mlicho nacho nyinyi: Katiba ya 2010, kifungu cha 201, kinachotaka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Vikao vya bajeti ya kaunti ya Kilifi huwa na viti vitupu. Siku ya maandamano pikipiki hujaa barabara nzima, siku ya kikao tunakaa wastaafu tu na chupa zetu za maji.

"Bi Mwalimu, kundi letu la WhatsApp la mtaa limeanza kuchafuka mapema, na uchaguzi ni Agosti 2027. Kila siku picha: mgombea huyu kafumaniwa, yule kaungua nyumba. Nusu ni za uongo. Wewe uliyesoma ya kale, je, dunia imewahi kuwa hivi?" – Msimamizi wa kundi, Mambrui

Pole kwa usimamizi; ni kazi ya kuchota maji kwa pakacha. Dunia imekuwa hivi tangu siku picha zilipoanza kuchapwa. Mwaka 1493 mjini Nuremberg kilitoka kitabu kikubwa cha historia ya dunia chenye picha 1,809. Mbao za kuchapia picha hizo zilikuwa 645 tu. Sura moja ya mfalme ilitumika kwa wafalme kadhaa, na picha ile ile ya mji, minara ile ile, ukuta ule ule, ikapewa jina la mji mwingine kurasa chache mbele. Wanunuzi walilipa na kufurahi. Kwa hiyo mtu akikuletea picha ya nyumba iliyoungua nchi nyingine na kuandika chini yake "Marafa, jana", ujue anafuata kazi ya mafundi wakongwe.

Na picha za kutengenezwa? Mwaka 1523 kambi ya Martin Luther ilichapa zimwi lenye kichwa cha punda, matiti ya mwanamke na magamba ya samaki, lililosemekana liliopolewa katika mto wa Roma, na maana yake ilikuwa Papa. Wakatoliki nao hawakukaa kimya. Wao walimchora Luther na vichwa saba. Hawa ni wanazuoni wa dini, si vijana wa kulipwa mia mbili wasambaze.

Yupo mtu mmoja wa kuigwa. Udhibiti wa uchapaji ulipovunjika London mnamo 1641, vijikaratasi vya siasa vilimwagika mjini kila siku. Muuza vitabu mmoja, George Thomason, akaamua kukusanya kila kilichomfikia, cha rafiki na cha adui. Alipofunga kazi 1661 alikuwa na vipatavyo 22,000, na vingi aliviandikia kwa mkono tarehe aliyovipata. Leo viko Maktaba ya Uingereza, na kwa zile tarehe zake tunajua uongo gani ulitangulia na nani aliunakili. Fanya hivyo kwenye kundi. Weka kanuni moja tu: anayetuma picha aandike ameipata kwa nani na lini, la sivyo inafutwa. Usiwafukuze watu, watafungua kundi jingine na wewe hutakuwamo. Watake tarehe tu. Utaona wanavyochoka.

"Mwalimu, mimi hutembeza wageni pale kwenye Nguzo ya Vasco da Gama. Kila mara huniuliza: mbona Mombasa walimkataa na Malindi mkampokea? Mimi husema sisi ni watu wakarimu. Nimepatia?" – Mtembeza wageni, Shella, Malindi

Ukarimu upo, nani anaukana, lakini wageni wako wanastahili zaidi ya hapo kwa pesa wanazokulipa. Waambie ilikuwa siasa. Aprili 1498 Mreno alipotia nanga, Malindi na Mombasa walikuwa mahasimu, na Mombasa ilikuwa na nguvu zaidi. Mtawala wa Malindi akaona merikebu zenye mizinga na akafanya hesabu ambayo mgombea yeyote wa leo angeifanya. Akampa Vasco chakula na nahodha wa kumvusha hadi India. (Na tafadhali acha kuwaambia nahodha huyo ni Ahmad ibn Majid, yule baharia Mwarabu mashuhuri; wanahistoria wengi hawalikubali hilo.) Januari 1499 alirudi mabaharia wake wakifa kwa kiseyeye, ufizi umevimba, na kitu walichokililia zaidi ni machungwa ya Malindi. Hiyo waambie, wataipenda. Msalaba wa ile nguzo nao mwanzo ulisimamishwa karibu na nyumba ya mtawala, ukaondolewa, ndipo baadaye ukasimikwa hapo rasini.

Usikomee kwenye machungwa, maana utamu wa kisa uko mbele. Malindi ilisubiri karibu miaka mia moja kupata ilichotaka. Wareno wakaishinda Mombasa, 1593 wakaanza kujenga ngome ya Fort Jesus, na mtawala wa Malindi akapewa Mombasa aitawale. Akahamia huko na watu wake, na biashara ikamfuata. Malindi, iliyokaribisha rafiki mwenye mizinga ili impige jirani, ikabaki mji mdogo ukinywea mwaka hadi mwaka. Na rafiki mwenyewe? Mwaka 1614 mrithi wa mtawala huyo, Sheikh Hasan, akauawa kwa njama za Wareno hao hao. Mwanawe mdogo, Yusuf, akachukuliwa Goa, koloni lao huko India, akasomeshwa na watawa, akabatizwa Dom Jerónimo, akarudishwa Mombasa kuwa mfalme wa kuwatumikia. Agosti 1631 akaingia ngome na watu wake na kumuua kapteni wa Wareno kwa mkono wake. Mgeni akikuuliza kwa nini, mwambie huyo mtoto alisomeshwa vizuri sana, lakini hakusahau baba yake alikufaje.

Wanasiasa wetu wanaokimbilia mkubwa wa mbali ili kumkomoa jirani wa jimbo la pili, nawaalika nao waje pale kwenye nguzo. Watozwe kiingilio cha wageni.

"Bi Mwalimu, binti yangu amemaliza Gredi ya 9. Anataka mkondo wa Sayansi ya Jamii, asome Historia. Baba yake anataka STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), anasema Historia haina kazi na huu mtaala wa umilisi ni mchezo wa kukata makaratasi. Nyumbani hakulaliki. Tusaidie." – Mama, Maweni

Mama, baba ana hoja mbili na nitazijibu kinyume, ya pili kwanza. Kukata makaratasi hakukuanza Kenya. Jan Amos Komenský, ambaye vitabu vingi humwita Comenius, alizaliwa Moravia 1592, nchi ya Ucheki ya leo. Wakati huo mtoto wa shule Ulaya alikaririshwa Kilatini kwa fimbo. Yeye akasema mtoto aone kitu kwanza, akishike, ndipo apewe neno lake. Mwaka 1658 huko Nuremberg akachapisha kitabu cha shule chenye picha, na chini yake majina kwa Kilatini na Kijerumani, mwokaji na tanuri yake, mshonaji na mkasi wake. Akasema pia wasichana wasome kama wavulana, wakati ambapo wengi waliliona hilo kuwa kichekesho. Na aliyaandika hayo akiwa mkimbizi. Vita vilimtoa kwao, tauni ikamchukulia mke na watoto, na 1656 mji wa Leszno ulipochomwa, miswada yake ya miaka mingi ikaungua humo. Wazo la umilisi ni zuri, tena la kale. Tatizo letu ni kulileta kwenye darasa la watoto themanini lisilo na maabara, kisha kumtuma mzazi usiku akatafute manila na gundi.

Hoja ya kazi. Hapo sitamdanganya mtu: Historia peke yake haimpi mtu mshahara mwezi wa kwanza. Lakini mkondo huo hupeleka kwenye sheria, ualimu, uandishi wa habari na utumishi wa kaunti, na Malindi, yenye magofu ya Gede na msikiti wa kale na nguzo, bado tunaagiza wataalamu wa makumbusho kutoka nje. Kabla hamjaamua, mwulizeni binti swali moja: anaipenda Historia au anaikimbia Hisabati? Kama anakimbia, mwambieni haikimbiliki, ni lazima mikondo yote. Tofauti ni kwamba STEM wana ile nzito na wengine wana iliyopunguzwa. Kisha chungulieni shule aliyoitwa. Shule nyingi hutaja masomo kwenye orodha ambayo mwalimu wake hayupo. Nendeni mkaulize kwa jina: mwalimu wa Historia ni nani, na yuko leo?

Baba naye akitaka kubishana zaidi anakaribishwa kwangu, jioni baada ya Alasiri. Asubuhi asije, nakuwa kwenye kikao cha bajeti.